Papa Chef Barthélemy Habarurema, Abiria Mwenye Alingojea Kiwanja ya Ndege ya Goma

Wewe mwenye unashika hii karatasi, tuongee kwanza. Siku mbili umekaa ku kilio yetu pale Mabanga, mu Goma. Umekunywa chai, umeimba na sisi familia, na tunakushukuru. Lakini kila mara ulipoinama kumupa Mama Donatille, mujane wa Papa Chef, pole, ulimuuliza swali lile lile: "Lakini mama, kwa nini hamukupita Kigali?" Wengine hamukuuliza hata. Mulienda kusemea ku viti vya nyuma, na sauti yenye viti vya mbele vinasikia: "Njo yeye alimuchelewesha." Tumechoka. Wasifu unasomwaka ili watu wajue marehemu aliishi namna gani. Hii ya leo inasomwa pia ili mujue ni nani alikataa kupita Kigali. Musikilize mpaka mwisho, halafu tuko na kitu moja ya kuwaomba.

Barthélemy Habarurema alizaliwa tarehe 14 mwezi wa tatu 1961 ku Kilolirwe, mu milima ya Masisi. Alikuwa mutoto wa tatu wa muzee Nizeyimana, mufugaji wa ngombe, na mama Umwiza. Muzee Nizeyimana alikuwa anapelekaka maziwa ku laiterie, nyumba ya kupokelea maziwa, lakini haikuwa ile ya karibu. Ya karibu ilikuwa mwendo wa nusu saa, ila njia yake ilikuwa mawe matupu, bidon zinaruka-ruka, na mwenye kupokea alikuwa anaamka kuchelewa, anakuta maziwa imeisha kuchacha. Kwa hiyo muzee alikuwa anatembea saa moja na nusu mpaka ingine. Siku moja mutoto Barthélemy, na bidon yake ya lita tano, alilia juu ya baridi, akauliza kwa nini hawaende pa karibu. Baba yake akamujibu: "Karibu ya nani? Yako ama ya maziwa?" Alirudilia hilo jibu maisha yake yote, mpaka watoto wake walikuwa wanalimaliza mbele yake hajafungua hata kinywa vizuri.

Shule ya musingi alisoma kule kule Kilolirwe. Sekondari alishuka Goma, akakaa kwa baba yake mudogo mu Majengo, akasoma commerciale et administrative, mambo ya biashara na ofisi, na akapata diplôme d'État ya kumaliza sekondari mwaka ya 1980 na pourcentage 56 ku mia. Hiyo 56 hakuifichaka. Mutoto akileta 70 nyumbani, anamuambia: "Sawa, lakini miye na 56 nilikuwa napandisha ndege." Université ya Kisangani ilimukubali ila familia haikuweza kumutuma. Mambo ya ndege alijifunza peke yake, mu kitabu ya Kifaransa isiyo na jalada, yenye rubani moja alisahau mu ofisi.

Ku kiwanja ya ndege ya Goma aliingia mwaka ya 1983 kwa kubeba mizigo. Mwaka ya 1988 kampuni ya Mikeno Air ikamupa kazi ya mizani: kupima watu, vifurushi, fromage, njo jibini yetu ya Masisi, na maharagi, kila kitu yenye itapanda. Mwaka ya 1999 akakuwa chef d'escale, maana yake mukubwa wa kampuni pale kiwanja. Ndege ikishuka iko yake mpaka iruke tena. Njo pale muji ilianza kumuita Papa Chef.

Alikuwa na desturi moja yenye wafanyakazi wake wanaijua vizuri. Abiria akikataa kupanda, labda sababu mizigo yake imebaki, labda sababu ameona mawingu, Papa Chef hakugombana naye. Alimupa registre ya abiria na bic ya kuandika: "Papa, muandike na mukono wenu. Jina, safari, 'amekataa kupanda', sababu. Chini muandike 'kosa haiko ya agent'. Mutie sahihi, murudi nyumbani na amani." Juu ya nini? Juu ya kesho yake yule abiria ataenda kulia kwa wakubwa, na mutoto wa watu mwenye alikuwa pale guichet, ku dirisha ya tiketi, atafukuzwa. Miaka yote ya Papa Chef, hakuna agent wake hata mumoja alipoteza kazi juu ya abiria mwenye alibaki chini. Mushike hiyo desturi mu kichwa.

Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 volkano ya Nyiragongo ilishuka mu muji. Lava ilikula kipande kikubwa ya piste, ile njia ya kurukia ndege. Kisha wiki chache, directeur wa kampuni, Hilaire Bulonza, akatoka Kinshasa na koti nzuri, wakakaa na Papa Chef mu kontena yenye ilikuwa ofisi, na sakafu bado ina joto chini ya viatu.

"Chef, tunahama," Directeur akasema. "Tunaenda kutua Kavumu, upande wa Bukavu. Kule piste iko nzima. Watu wako wa Goma watapanda bateau, wavuke ziwa."

"Wangapi, Directeur?"

"Wangapi nini?"

"Watakaopanda bateau. Mama wa Mabanga mwenye kuuza fromage ataishusha ku port, aipandishe ku bateau, aishushe Bukavu, aitafutie gari mpaka Kavumu, na jua inapiga. Directeur, mumeisha kusafiri siku moja na fromage?"

"Miye ninasafiri na mafuta, Chef! Piste yako imekuwa fupi. Ndege ikijaa watu, ikijaa mizigo, ikijaa mafuta, haipande. Unataka niibebe ku kichwa?"

Papa Chef akafungua karatasi yenye alikuwa ameandaa. Ndege iondoke saa kumi na mbili asubuhi, akasema, sababu tuko juu mulimani, na joto ya saa sita inafanya ndege itafute piste ndefu, lakini asubuhi na baridi hewa inaishika vizuri. Mafuta isiwekwe mingi Goma, ndege ikanywe Kisangani, halafu iendelee Kinshasa. Hivi watu wanajaa na fromage inajaa. Tena akamuonyesha hesabu yake ya miezi sita: ku kila abiria makumi ine wa kwenda, makumi tatu na tano walikuwa wanarudi na ndege hiyo hiyo, na mizigo ya duka. Kavumu ndege ingejaa kwenda, na kurudi viti vitupu.

Directeur alisoma ile karatasi mara mbili. "Miezi tatu," akasema. "Ikikataa, miye nahama na weye unabaki na lava yako."

Ile miezi tatu ikakuwa miaka makumi mbili na tatu. Piste ikatengenezwa, kampuni zingine zikakuja nyuma. Wengi wenu hapa mulifika Kinshasa mara ya kwanza juu ya ile karatasi, na hamukujua.

Vijana wa kazi alikuwa anawafundishaka hivi: "Kampuni ya ndege haina mapendo na muji yako. Inauliza piste iko mita ngapi. Mafuta inapatikana? Bima inakubali? Abiria akishuka, ataendelea wapi? Na ya mwisho, yenye inapita zote: watu wako wapi? Watu wakienda ku kiwanja ingine mwaka moja, kampuni itaenda kukaa kule nao, na haitarudi hata mufagie piste na mafagio ya dhahabu." Hiyo ya mwisho njo ilimuua. Tutafika.

Turudi nyuma kidogo, tuseme ndoa. Mwaka ya 1990, asubuhi moja, msichana wa Masisi mwenye alikuwa anapeleka fromage Kinshasa alipanda ku mizani na kitenge kubwa ya kufunga mara tatu. Jina lake Donatille Mukashyaka. Mizani ikaonyesha kilo 91.

"Mama," Barthélemy akamuuliza, "wiki iliyopita mulikuwa na 63."

"Nimekula vizuri."

"Mu siku saba?"

"Kwetu kuna maziwa, papa. Weye unakunywaka nini, uko mwembamba hivi?"

Watu mu laini wakaanza kucheka. Barthélemy hakutaka kumupatisha haya. Akamuambia tu, na sauti ya chini: "Dada, yenye imefichwa ni lazima itangazwe, sababu rubani akihesabu vibaya, sisi wote tunaanguka, na fromage inaanguka pia." Donatille akaenda nyuma ya pazia, akarudi na kilo 63, na akaweka ku meza fromage kumi na ine, moja moja, bila kuinamisha macho. Wakafunga ndoa tarehe 22 mwezi wa nane 1992, mu parokia ya kwao, na mu karamu yao keki ilikuwa fromage. Miaka makumi tatu na tatu hakuna siku wanasafiri bila Papa Chef kumuuliza: "Mama, umetangaza zote?"

Mwezi wa tatu 2021 alipumzika kazi. Alipumzika kwa jina tu. Kila asubuhi alienda kukaa karibu na kiwanja, anahesabu ndege zenye zinashuka na zenye zinaruka, anaandika mu kitabu. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 vita ikaingia mu muji, kiwanja ikafungwa, na tangu pale hakuna ndege ya abiria yenye imetua. Yeye aliendelea kwenda. Vijana wa njia walikuwa wanamuchokoza: "Papa Chef, ndege inafika saa ngapi?" Anawajibu: "Iko na retard, imechelewa kidogo." Retard ya miezi mbili, ya miezi tano, ya miezi saba. Mu kitabu, kila siku mustari moja: "Piste: kimya."

Tarehe 9 mwezi wa tisa mwaka huu alianguka mu lupango ya nyumba yake, bakuli ya maji ingali mu mukono. Dokta akasikiliza moyo, akasema inapiga polepole sana, mara makumi tatu na tano kwa dakika, na kunahitajika mashine ndogo ya kuwekwa mu kifua. Mu Goma haikupatikana. Kinshasa ilikuwa inapatikana, na kule njo carnet yake ya matibabu ya kampuni inakubaliwa, na kule njo anaishi Rodrigue, mutoto wake wa kwanza. Rodrigue akapiga simu siku ile ile: "Papa, mupite Kigali. Gari masaa ine, kisha ndege, mubadilishe mara moja njiani, mufike. Miye nimeisha kuangalia billet ya ndege."

Hapa njo musikilize vizuri.

Mama Donatille aliandaa valise ya nguo siku ile ile. Tarehe 16, alipomuambia gari iko tayari, Papa Chef alikuwa amekaa ku kitanda, ameshika magoti.

"Donatille, miye siende."

"Hauende wapi? Dokta amesema."

"Nimesikia dokta. Sasa unisikilize miye. Kila mutu wa Goma mwenye anapandia kule, kuna mahali anahesabiwa. Kampuni zinatazama ile hesabu. Siku kiwanja yetu itafunguliwa watasema: watu wa Goma wameisha kuzoea, tubaki huku. Miaka yote nilipigana tuhesabiwe hapa. Leo mwili wangu uende kuhesabiwa kule?"

"Barthélemy. Uko mutu moja! Nani atakuhesabu weye?"

"Mutu moja ni kiti moja."

"Na moyo yako?"

Akatazama mulango kama umefungwa. Halafu akasema ingine, yenye hakusemaka mbele ya watu: "Tena nifike Kinshasa na jina hii ya Kinyarwanda, nimetokea upande ule wa Rwanda, mu wakati huu wa vita. Wakiniuliza muzee umetoka wapi, nitajibu nini? Nikitoka Goma, nimetoka nyumbani. Mambo imeisha." Akamushika mukono. "Watatengeneza. Miye ninajua ile piste. Wiki tatu. Na usiambie watoto ni miye. Rodrigue akijua, atatuma watu wanibebe kama gunia. Waambie dokta amesema tungoje."

Mama Donatille aliambia watoto dokta amesema tungoje. Ndiyo, alidanganya. Alidanganya juu mume wake alimuomba, na mutu mwenye mumekaa naye miaka makumi tatu na tatu akikuomba neno moja na machozi, wewe mwenye unasoma utuambie ungefanya nini.

Alimuomba tena tarehe 4 mwezi wa kumi. Akakataa. Mwisho wa mwezi ule radio ikaanza kuongea kwamba ndege za misaada zingeweza kuruhusiwa kutua Goma. Papa Chef akainuka ku kitanda, akavaa shati yake nyeupe ya kazi, akaambia jirani ku mulango: "Mumesikia? Nilisema wiki tatu, nilikosea kidogo tu." Tarehe moja ya mwezi huu Mama Donatille alimuomba mara ya tatu. Alipiga magoti. Akamujibu: "Mama, radio imesema." Tukaangalia mbingu siku kumi. Hakuna kitu yenye ilishuka.

Wakati ule wote simu ya Mama Donatille ilikuwa inalia. Rodrigue alimuuliza kama anaogopa barrière ya mupaka. Shangazi Nyiramahirwe, dada wa marehemu, alimuambia mbele ya wageni: "Weye unamuweka hapa ili afie mu mikono yako." Alijibu tu: "Tungoje." Alibeba hiyo peke yake.

Tarehe 11, kisha ya kuzimia mara mbili mu siku moja, Papa Chef akakubali. Safari ikawekwa alhamisi tarehe 13. Asubuhi ile aliamka vizuri, akakunywa uji, akaomba avalishwe shati nyeupe. Gari ikafika saa moja kasoro kidogo, ikapiga honi. Akaona Mama Donatille anainua valise kwa nguvu, akamuuliza:

"Mama, kuna nini mule ndani?"

"Nguo zako."

"Umetangaza zote?"

"...Na fromage mbili ya Rodrigue."

Akacheka. Akasema, "Nilijua tu." Akaegemea ukuta, kama mutu mwenye anapumzika mbele ya kusimama, na hakusimama tena. Ilikuwa saa moja na dakika kumi, alhamisi tarehe 13 mwezi wa kumi na moja 2025, nyumbani kwake Mabanga. Alikuwa na miaka 64.

Kesho yake Héritière, binti yake, alitafuta carte d'électeur, kitambulisho ya baba, ili kutangaza kifo ku commune, ofisi ya serikali. Akaikuta ndani ya ile kitabu ya "Piste: kimya". Na kati ya ile mistari akakuta mukono wa baba yake umeandika kama alivyoandikishaka watu guichet. Tunasoma bila kubadilisha:

"16/9. Abiria: Habarurema Barthélemy. Safari: Kinshasa kupitia Kigali. Amekataa kupanda. Sababu: anangojea Goma. Agent: Mukashyaka Donatille. Kosa haiko ya agent."

"4/10. Abiria yule yule. Amekataa kupanda. Sababu ile ile. Agent alimuomba vizuri. Kosa haiko ya agent."

"1/11. Abiria yule yule. Amekataa kupanda. Sababu: radio. Agent amelia. Kosa haiko ya agent."

Chini ya kila moja, sahihi yake. 

Papa Chef alikosea. Tunasema hiyo mbele ya sanduku yake, na heshima yote, sababu yeye mwenyewe hakupendaka kilo yenye imefichwa. Kiwanja haikufunguka, na hakuna kampuni yenye ilijua kwamba kuna muzee Mabanga analinda kiwanja na moyo ya mapigo makumi tatu na tano. Alipenda hii muji kupita namna muji inaweza kumurudishia. Lakini kosa yake aliandika na mukono wake, na jina la muke wake akalitoa ndani. Mama Donatille hakujua kama ile maandiko iko. Héritière alipomusomea, aliuliza tu: "Aliandika kwamba nililia?"

Shangazi Nyiramahirwe alisoma ile kurasa jana saa kumi. Alifunga kitabu, akaenda kukaa pembeni ya Mama Donatille. Bado hajamuomba musamaha. Tunamungojea.

Papa Chef anaacha mujane wake, Donatille Mukashyaka, watoto wake tatu, Rodrigue Niyigena, Héritière Umuhire na Chance, wajukuu ine, dada yake Nyiramahirwe, na wafanyakazi wote aliowafundisha kupima. Rodrigue hayuko hapa. Anatuangalia ku simu kutoka Kinshasa, sababu ili afike ilikuwa lazima apite njia yenye baba yake alikataa, na billet ya karibu ilikuwa ya jumatatu.

Mungu amupokee Barthélemy bila kumungojesha.

Sasa ombi yetu. Udongo ukiisha kufunika, pita kwa Mama Donatille. Mushike mukono na mikono yako mbili. Muambie "pole, mama". Usiongeze Kigali, usiongeze "lakini". Na kama ulikuwa ku viti vya nyuma, muombe musamaha, sauti yako ifike mpaka viti vya mbele.